Ithibati, Idhini na Imprimatur: Historia ya Neno la Kuruhusu Kitabu Kichapwe

Barua iliyoletwa mezani petu na mfasiri wa historia ya Kanisa ilikuwa na swali fupi: neno la Kilatini *imprimatur* liitweje kwa Kiswahili? Mfasiri mwenyewe alikwisha kupendekeza maneno matatu, yaani idhini, kibali na ithibati, akaomba achaguliwe moja apate kuendelea na kazi yake. Maswali ya namna hii aghalabu hujibiwa kwa mistari miwili. Hili halikujibika hivyo, kwa kuwa maneno hayo matatu, ingawa wengi wetu huyatumia kama ndugu wa tumbo moja, hayakuzaliwa pamoja wala hayafanyi kazi moja. Na mtu akiyachanganya, yupo anayepata hasara. Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo la Kilatini lilikotoka, lilivyofika kwetu, na kwa nini neno tulilolizoea siku hizi, *ithibati*, si jina lake.

Tuanze na umbo. *Imprimatur* si nomino bali ni kitenzi. Asili yake ni *imprimere*, maana yake kubonyeza juu ya kitu hata alama ibaki, na hapo ndipo wapiga chapa wa Ulaya walipochukua jina la kazi yao. Limo katika nafsi ya tatu, umoja, kauli ya kutendwa, na katika ile hali ya kutaka au kuamuru ambayo sisi huionyesha kwa kiishio *-e*. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi za Ulaya hazina. Mwingereza hana budi kutumia maneno manne ili aeleze neno hilo moja. Sisi husema *kichapwe*, nasi tumekwisha kulipata lote, tena na ngeli ya kitabu imo ndani yake. Hata neno *chapa* lina historia inayofanana na ya Kilatini, kwani limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako maana yake ni alama iliyotiwa kwa kubonyeza. Kutia chapa ng'ombe na kupiga chapa kitabu ni fikra moja.

Jambo la kushika katika umbo hilo ni kwamba *kichapwe* ni tamko la mwenye mamlaka. Halisemi kwamba kitabu ni kizuri, wala kwamba yaliyomo ni kweli. Linasema tu kwamba mlango umefunguliwa.

Mlango huo uliwekwa mapema. Uchapaji wa herufi za kupangwa ulianza Ulaya katikati ya karne ya 15, na haikupita miaka hamsini kabla wakubwa hawajaona hatari yake. Mwaka 1487 Papa Innocent VIII alitoa hati ya kutaka vitabu vikaguliwe kabla ya kuchapwa. Mwaka 1515, katika Mtaguso wa Tano wa Laterani, Papa Leo X aliifanya kanuni hiyo kuwa ya Kanisa zima: kitabu kisichapwe mpaka kisomwe na askofu wa mahali au mtu aliyemteua, na idhini iandikwe kwa mkono wa mkaguzi mwenyewe. Kitabu kilichochapwa bila hiyo kilitwaliwa na kuchomwa moto mbele ya watu.

Kutokana na kanuni hizo pakazuka desturi ya kugawa kazi, na mgawanyo huo ndio utakaotufaa mbele. Msomaji aliyeteuliwa kukagua muswada aliandika *nihil obstat*, yaani hakuna kinachozuia. Mwandishi akiwa mtawa, mkuu wa shirika lake aliandika *imprimi potest*, yaani chaweza kuchapwa. Mwisho askofu aliandika *imprimatur*. Wa kwanza alikuwa shahidi: amesoma, naye anasema alichokiona. Wa mwisho alikuwa mwenye amri. Askofu aliweza kuweka sahihi yake bila kufungua ukurasa hata mmoja, akiutegemea ushahidi wa msomaji wake.

Msomaji anayedhani huu ni upambanuzi wa vitabuni tu na alitazame jina la Galileo. Kitabu chake cha majadiliano juu ya mifumo miwili mikubwa ya ulimwengu kilitoka Florence mwaka 1632 kikiwa na idhini zote zilizotakiwa, za Roma na za Florence, zimechapwa mwanzoni mwake. Mwaka huo huo kiliamriwa kisiuzwe, na mwezi Juni 1633 mwandishi alihukumiwa. Mlango uliofunguliwa kwa amri ulifungwa kwa amri, na sahihi zilizokuwa kitabuni hazikumsaidia kitu, kwa sababu hazikuwa ushahidi wa ukweli wa maneno yake. Kitabu hicho hakikuondolewa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mpaka toleo la 1835.

Mshairi wa Kiingereza John Milton, aliyeandika kwamba alimwona Galileo katika uzee wake akiwa chini ya ulinzi, ndiye aliyelishambulia neno lenyewe. Katika kijitabu chake *Areopagitica* cha mwaka 1644, alichokichapa bila leseni, aliwadhihaki wakaguzi wa Italia ambao sahihi zao hujipanga katika ukurasa mmoja kana kwamba zinaamkiana. Dhihaka yake haikuleta matunda upesi. Sheria ya leseni ya mwaka 1662 iliendelea kuwabana wapiga chapa wa Uingereza mpaka ilipoachwa ife mwaka 1695.

Katika kipindi hicho ndipo ulipotoka mfano ninaoupenda kuliko yote. Kitabu cha Isaac Newton cha misingi ya hisabati ya maumbile, kilichotoka mwaka 1687, kina katika ukurasa wa jina neno *IMPRIMATUR*, na chini yake jina la S. Pepys, na tarehe 5 Julai 1686. Samuel Pepys alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali katika mambo ya jeshi la majini, na mwaka huo alikuwa rais wa Royal Society ya London. Hakuwa mwanahisabati. Hakuna anayedhani kwamba aliyapima mahesabu ya Newton akayaona sawa, wala hapakuwa na haja ayapime. Kazi yake ilikuwa kusema *kichapwe*, akasema.

Sasa tuje pwani ya kwetu. Neno hili liliingia Afrika Mashariki kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya misheni. Aliyepata kushika katekisimu au kitabu cha sala cha zamani kilichotoka katika mitambo ya misheni ya Kikatoliki ya Peramiho, Ndanda au Tabora amekwisha kuliona neno hilo, limeachwa katika Kilatini chake, na jina la askofu likiwa kando. Waumini wengi walilipita bila kujua maana yake. Walijua tu kwamba ni alama ya kitabu cha halali.

Njia ya pili ni ya serikali, na hii inatuhusu zaidi. Mwaka 1925 mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam ulianzisha mazungumzo ya kuwa na Kiswahili cha namna moja kwa shule za nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wake. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikiziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi zilizowekwa katika shabaha zake ni kuchunguza na, inapobidi, kusahihisha Kiswahili cha vitabu vya shule na vya kawaida kabla havijachapwa, na kusimamia marekebisho ya vile vilivyokwisha kutoka. Kitabu kilichopita mikononi mwa Kamati kilipata kukubaliwa nayo, na wanahistoria wa Kiswahili hukuita kukubaliwa huko kwa jina lile lile la Kilatini, *imprimatur*.

Je, ilikuwa *kichapwe* kweli? Kwa sheria, hapana. Kamati haikuwa na mamlaka ya kumzuia mtu asichape kitabu kwa fedha zake. Lakini katika nchi ambazo mnunuzi mkubwa wa vitabu vya Kiswahili alikuwa ni shule, kitabu kisichokubaliwa na Kamati hakikuwa na njia rahisi ya kumfikia msomaji. Ushahidi juu ya lugha ukawa mlango. Na waliousimamia mlango huo, kwa miaka ya mwanzo, walikuwa Wazungu watupu. Wenye lugha waliingizwa baadaye. Johnson mwenyewe alikuwa mfasiri wa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, kitabu kilichotoka mwaka 1929, na ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya kamusi sanifu iliyotoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kifo chake. Simlaumu mtu kwa bidii yake, na bidii ya Johnson hatujamaliza kuifaidi hata leo. Lakini mtu mmoja akiwa mwandishi, mtunga kamusi na katibu wa wanaosahihisha, si ajabu mtunzi wa Mvita au wa Lamu akaona kwamba Kiswahili cha mama yake kinahukumiwa na mgeni. Neno *imprimatur* liliificha hali hiyo kwa heshima ya Kilatini.

Tulipojitawala ilitupasa kuyapa mambo haya majina yetu, nasi tulikuwa na akiba ya maneno ya kutosha, karibu yote yenye asili ya Kiarabu. Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwani ndipo penye kiini cha jambo.

*Idhini* inatokana na shina lenye maana ya sikio na kusikia. *Adhana* na *mwadhini* ni jamaa zake. Aliyekupa idhini amekusikia ombi lako akakuachia ufanye. *Ruhusa* ni ndugu wa *rahisi*, jambo ambalo huwashangaza wengi: katika elimu ya sheria za Kiislamu ni wepesi anaofanyiwa mtu katika jambo ambalo lingemlemea. *Kibali* ni wa ukoo wa *kubali*, na katika matumizi ya zamani ni upendeleo, kama mtu apatavyo kibali machoni pa mfalme. Maofisi ndiyo yaliyoligeuza kuwa karatasi, tukapata kibali cha ujenzi na kibali cha utafiti. Maneno haya matatu, kwa njia mbalimbali, yote yanatazama upande mmoja: yupo mwenye uwezo wa kuzuia, naye hakuzuia.

*Ithibati* ni mbali kabisa. Shina lake ni la kusimama imara, ndilo lililotupa *thabiti*, *thibitisha*, hata *thubutu*, kwani athubutuye ni mtu ambaye moyo wake umesimama. Umbo lake ni lile la *ikirari* na *ihisani*, yaani jina la tendo, na kama ikirari ni tendo la kukiri, ithibati ni tendo la kulifanya jambo lisimame kwa hoja. Mwenye kutoa ithibati haondoi kizuizi. Anashuhudia. Kwa lugha ya mgawanyo wa Kanisa, ithibati iko karibu na yule msomaji wa *nihil obstat* kuliko askofu wa *imprimatur*.

Wazee wetu wa pwani walikuwa pia na *ijaza*, ambayo haina budi kutajwa. Mwanachuoni aliyesomeshwa kitabu na shekhe wake mpaka akakimaliza alipewa ijaza ya kukisomesha. Hiyo ni idhini na ushahidi kwa pamoja, lakini hupewa mtu, haipewi karatasi. Ndiyo maana haikuweza kuhamishiwa kwa wapiga chapa.

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, lilipewa, pamoja na mengine, kazi ya kuwahudumia waandishi kwa upande wa lugha, na sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1983 ili kulipa Baraza nguvu zaidi. Hati inayotolewa kwa kitabu ambacho Kiswahili chake kimesomwa na kuonekana sanifu imeitwa *ithibati ya lugha*. Kwa maoni yangu waliolichagua jina hilo walichagua kwa akili nyingi kuliko tunavyowashukuru. Walikataa, kwa neno moja, urithi wa mlango. Hati hiyo haisemi kichapwe. Inasema kwamba tumekisoma, na lugha yake imesimama.

Nalisema hili nikiwa na deni. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya lugha, ofisi niliyokuwa nikiitumikia ilipokea muswada wa kitabu cha kusomea cha mwalimu mmoja mstaafu. Tuliusoma, tukausahihisha, naye akayakubali masahihisho yetu bila ubishi. Mimi ndimi niliyeandika barua ya kumjibu, nikaandika kwamba muswada wake *umeidhinishwa*. Nilidhani ni neno la adabu zaidi. Mwalimu akaipeleka barua kwa mpiga chapa, akakopa fedha katika chama chao cha akiba, na jalada la nyuma likabeba maneno kwamba kitabu kimeidhinishwa kwa matumizi ya shule. Ofisi iliyohusika na vitabu vya shule ilimwambia haijapata kukiona. Nakala zikabaki chumbani kwake.

Alikuja na nakala moja na ile barua. Nilimwamkia, akaitika, akakaa, akaniwekea barua mbele yangu, kidole kikiwa juu ya neno.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa."

Nikasoma.

"Sasa, kuidhinishwa kwenu ninyi ni kitu gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa mzee wa umri ule, mwalimu wa watu, isipokuwa kwamba nimekosea neno. Hakupandisha sauti. Alisema alifundisha Kiswahili miaka mingi na alikuwa akiwakata wanafunzi alama kwa kosa dogo kuliko lile. Barua sahihi aliandikiwa siku ile ile, lakini deni lake la chama halikulipwa kwa barua.

Kwa hiyo napatwa na wasiwasi nionapo *ithibati* yenyewe ikianza kusogea kule kule ilikotoka *idhini*. Nchini Tanzania, kuanzia mwaka 1999 mpaka ilipovunjwa mwaka 2013, ilikuwapo kamati ya wizara ya elimu, iliyojulikana kwa kifupi EMAC, iliyoamua kitabu gani kifae shuleni. Kazi hiyo sasa iko katika Taasisi ya Elimu Tanzania. Uamuzi wa kamati hiyo nao uliitwa ithibati, magazetini na bungeni. Hapo mwandishi alikuwa na ithibati mbili, moja ya lugha na moja ya mtaala, na ni ya pili tu iliyomfungulia soko. Kisha Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya waandishi wa habari, ambapo neno limekuwa na maana ya kumtambua mtu kwamba anastahili kufanya kazi, na asiyetambuliwa haruhusiwi kuifanya. Vyuo navyo hupewa ithibati kwa maana inayokaribiana na hiyo. Kenya wamekwenda njia nyingine: kwao kitabu cha shule huwa *kimeidhinishwa*, na neno hilo linasema wazi kile kinachotendeka. Katika hili nadhani wenzetu wametushinda.

Si kazi ya ofisa wa istilahi kulizuia neno lisitembee, tukijaribu, litatupita. Lakini kamusi za fani tunazozitayarisha zaweza kuonyesha mipaka. Napendekeza *ithibati ya lugha* ibaki kwa ushahidi juu ya lugha na hapo tu, na neno *ithibati* likitumika peke yake juu ya kitabu lifuatwe daima na kijalizo chake: ithibati ya nini? Uamuzi wa mwenye mamlaka kwamba kitabu kiingie shuleni uitwe *idhini*. *Kibali* kiachiwe shughuli za watu, mahali na muda. Na *ruhusa* ibaki kwa mwenye hakimiliki anapomwachia mwingine anukuu au achape upya kazi yake, kama ilivyozoeleka katika kurasa za mwanzo za vitabu vyetu.

Upambanuzi huu si wa kwetu peke yetu. Kanisa Katoliki liliifuta orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1966, na Sheria yake ya Kanoni ya mwaka 1983 haidai tena ukaguzi wa vitabu vyote, ila vya Maandiko, vya liturujia na sala, katekisimu na vya kufundishia dini. Hata katika hivyo, sheria hiyo hutumia maneno mawili ya Kilatini, moja la kuruhusu na jingine la kukubali kwamba kitu kinafaa, wala haikuyaona kuwa mamoja.

Mfasiri wetu alijibiwa kwamba katika matini yake ya kihistoria alichukue neno la Kilatini kama lilivyo mara ya kwanza, alieleze kwa *kichapwe*, na baada ya hapo aseme *idhini ya kuchapa*. *Nihil obstat* aifasiri *hakuna kinachozuia*, na aliyeiandika amwite *msomaji*, asimwite askofu msaidizi kama alivyofanya katika sura ya nne. Ameandika kushukuru, na kuuliza kama *kichapwe* kiandikwe kwa herufi kubwa.